Kadi Inasema Mitano

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Daftari hili nilimnunulia Akeza. Kurasa arobaini na nane, jalada la buluu. Leo halikupata mwenyewe, basi naandika mimi, la sivyo nitampiga mtu.

Wamemkataa!

Tulitoka asubuhi mapema. Nilikuwa nimemwogesha, nimempaka miguu mafuta ya kupikia kwa kuwa mengine hatuna. Foleni mpaka barabarani. Tangu mwaka jana shule za msingi hapa Malawi hazilipishi tena, kwa hiyo kila mwenye mtoto kamleta. Tumesimama kwa muda wa saa tatu. Tulipofika mezani, hedi, mwalimu mkuu, akachukua kadi yetu ya mgao, akaisoma, akaisoma tena, akasema kitu kwa Kiingereza. Lwaboshi akatafsiri. Huyu Lwaboshi ni mkimbizi mwenzetu, mtu wa Fizi, anasaidia darasa la kwanza kwa sababu walimu wa hapa hawasikilizani na watoto wetu.

"Mama Akeza, bambo hedi anasema kadi iko na miaka tano. Sheria ni sita. Umurudishe mwaka kesho."

Mitano! Akeza alizaliwa Juni 1988, Rumonge, kwetu Burundi, kwenye zahanati ya misheni, na nililia siku mbili. Ana miaka saba na miezi yake. Nikasema kadi imekosea. Hedi akauliza ni nani aliyemtajia karani umri huo. Nikachukua kadi, tukaondoka.

Hapa hakuna anayesoma, basi niandike. Ni mimi. Julai mwaka jana, siku tulipoandikishwa kambini Dzaleka, mbele yangu kwenye mstari alikuwa mwanamke wa Uvira, Odette, ambaye sasa ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Akanigeukia, akaninong'oneza: wa chini ya miaka mitano wanapewa unga wa uji, likuni phala, wenye soya. Wa sita hapewi kitu. Akeza alikuwa na miaka sita na alikuwa mifupa na macho tu. Karani akauliza. Nikasema minne. Akaandika minne bila hata kumtazama mtoto usoni.

Nani angesema sita? Aje mbele aniambie, mama gani angesema sita?

Mwaka mzima tulikuwa tunapanga foleni ya uji, na mwaka mzima nilikuwa namwambia: wakikuuliza, useme minne. Uji ulimponya, siukani. Mashavu yalirudi. Sasa uji uleule umemfungia mlango wa shule, na aliyeutafuta ni mimi. Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimerudi kwa hedi. Nilimwambia, Lwaboshi akitafsiri, kadi ni karatasi, mtazame mtoto mwenyewe. Akacheka. Wala hakucheka kwa ubaya — bora angecheka kwa ubaya, ningejua pa kumshika. Akasema basi tutumie kipimo cha wazee. Kipimo hicho hata kwetu kipo: mkono wa kulia unapita juu ya kichwa, unashika sikio la kushoto. Ukifika, mtoto amekomaa, aingie darasani. Usipofika, arudi kucheza.

Akeza akanyoosha. Vidole vikaishia juu ya sikio. Kumebaki upana wa kidole kimoja! Nikamwinamisha kichwa kidogo, hedi akakisimamisha. "Nyoosha, Akeza, nyoosha!" nikasema. Watoto waliokwisha kuandikishwa wanacheka. Yeye mwenyewe akacheka nao, akadhani ni mchezo.

Mkono mfupi. Miezi saba tumetembea na kulala chini, Burundi mpaka Tanzania, Tanzania mpaka huku, huo mkono ungerefuka kwa kula nini? Kipimo hicho kinapima sahani za nsima, hakipimi miaka! Nilitaka kumwambia hivyo lakini Kiingereza changu kinaishia "good morning". Nikasema kwa Kiswahili, na kwa sauti. Lwaboshi hakutafsiri. Kazi yake anaipenda.

Rejista inafungwa Ijumaa ijayo, tarehe 13. Baada ya hapo ni Oktoba nyingine.

Jumatano, 4 Oktoba

Gabriella amekubaliwa.

Gabriella! Mtoto wa Odette. Ana miaka mitano ya kweli, kadi yake inasema mitano, mama yake anasema mitano. Lakini ni mrefu kama mwanzi, na mikono inaning'inia mpaka magotini. Alipoambiwa ashike sikio, alilishika, akalivuta, nusura ashike na shingo. Akaandikwa papo hapo.

Nikaenda kwa Odette na moto wangu. Alikuwa kwenye cherehani, hakusimamisha mguu.

"Mi nafanyaje, Mama Akeza? Niko na kazi ya kushona, niko peke yangu. Shule iko bure, inanilindia mutoto. We ungekataa?"

Nikamwambia shule si yaya. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Yeye akasema ule uji hakuunywa yeye, aliunywa mtoto wangu. Nikaondoka. Ana haki, na ndiyo maana nimekasirika zaidi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Leo Akeza alipotea asubuhi. Nilimkuta wapi? Mlangoni mwa darasa la kwanza, amekaa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje. Lwaboshi alimwona na akajifanya hajamwona. Mungu amzidishie.

Nilichungulia. Watoto mia na sitini, Lwaboshi anasema amewahesabu. Hakuna dawati hata moja. Wakubwa wamekaa mbele, na wamo wa miaka kumi na kumi na moja. Wadogo wako nyuma, chini, na hawaoni ubao. Gabriella alikuwa amelala chali. Kisha akaamka, akajikojolea, akalia kwa Kiswahili, na mwalimu wa darasa, Mmalawi, anamtuliza kwa Kichewa. Aliyenyanyuka kumtoa nje, kumvua, kumwosha kwenye bomba na kumrudisha ndani ni nani? Akeza wangu! Aliyekataliwa ndiye yaya wa aliyekubaliwa. Nilitaka kucheka, nikalia.

Saa ya mapumziko nilimwuliza Lwaboshi, kwa kuwa ni mwalimu na amefundisha Fizi miaka kumi. Nilimwambia: mwalimu, usinifiche, je, mwaka mmoja unaharibu nini? Akafikiri. Akasema bale badogo banaingia mbio, banakaa nyuma, habashiki kitu, banarudilia darasa la kwanza mara mbili, mara tatu, mpaka banachukia kitabu. Na bale bakubwa? Bakubwa banashika haraka, akasema, banakuwa ba kwanza. Lakini darasa la tano hawaonekani tena. Mvulana anaenda kubeba mizigo. Msichana anaolewa.

"Na wa miaka saba?"

"Wa saba njo muzuri," akasema. "Saba njo saa yake, Mama Akeza."

Samaki mkunje angali mbichi. Wangu wanamwacha akauke!

Ijumaa, 6 Oktoba

Hedi amemtoa kizingitini. Anasema asiyekuwa kwenye rejista hahesabiwi, na asiyehesabiwa akipatwa na jambo shuleni, nani atajibu? Kwa sheria yupo sawa. Sheria, sheria! Sitaki hata kuandika leo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Baba Akeza amekuja kutoka Lilongwe. Niyongabo, mume wangu, anakaa Chilinde, huko mjini, anabeba magunia sokoni, anakuja kila baada ya wiki mbili. Ameleta sukari na sabuni. Nilingoja ale. Alipomaliza nikamweleza yote, na nikamwambia Jumatatu nakwenda mjini kurekebisha kadi.

Alinitazama kama nimemwambia nakwenda kuichoma nyumba.

"Urekebishe nini? Mama Akeza, hiyo ni bahati! Mutoto amepewa miaka miwili ya bure, we unataka kuirudisha?"

Nikamwambia aeleze vizuri, maana nilikuwa sijaelewa bado na damu ilikuwa inachemka.

Akaeleza. Hadithi yake naijua lakini aliirudia. Kwetu, mtihani wa kutoka darasa la sita, konkuru, ukishindwa unarudia darasa, lakini ukizidi umri wanakufukuza. Basi baba yake alikwenda kwa mkuu wa kata, akamkata miaka mitatu. Kwenye karatasi Niyongabo ana thelathini. Kwa mama yake mzazi ana thelathini na tatu. Alikaa konkuru mara tatu, ya tatu akapita, ndevu tayari zimeota. Bila ile miaka mitatu, anasema, angekuwa mchunga ng'ombe. Na wengi walifanya hivyo, hata mtoto wa mkuu wa kata mwenyewe. Mtoto mwenye umri mdogo kwenye karatasi ana nafasi ya kuanguka na kusimama tena. Sasa mimi nataka kumnyima binti yake nafasi hiyo? Na zaidi, ukimwambia ofisa kwamba ulidanganya, atasema na mengine yote kwenye kadi ni uongo. Tutakula nini?

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia: hayo ni ya wavulana.

Mimi nilianza shule na miaka tisa. Kwa nini tisa? Kwa sababu wadogo zangu walikuwa watatu na mgongo ulikuwa mmoja, wangu. Nilipoingia nilikuwa nawashika wote. Wa kwanza darasa la pili, wa kwanza la tatu, wa kwanza la nne, masista walinipa rozari kama zawadi. Darasa la tano nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kifua. Dawati lilikuwa la watoto. Nikiandika ubaoni, nyuma wananong'ona. Mwalimu mmoja alianza kunibakiza baada ya masomo bila sababu. Shangazi akaja nyumbani akanitazama mara moja tu, akamwambia mama: huyu si wa kukaa na watoto, mnangoja aibu? Wiki iliyofuata sikurudi. Hakuna aliyeniuliza kadi yangu inasema miaka mingapi. Msichana hasomwi kwenye karatasi. Konkuru sikuiona hata kwa mlango.

Nikamwambia Niyongabo: kadi iseme mitano, iseme mitatu, iseme hajazaliwa — mwili hausomi kadi! Akianza na saba, darasa la nane anafika na kumi na minne, asiporudia. Akianza na nane ni kumi na mitano. Na hapa kila mtoto anarudia. Ongeza mmoja, ongeza miwili. Kumi na saba! Utamlinda wewe, uliye Chilinde na magunia?

Akaomba maji. Akasema tutaongea kesho.

Jumapili, 8 Oktoba

Hatukuongea. Tulikwenda kanisani, tukaimba, akapanda gari la jioni. Wakati wa kuaga nilimsikia anamwambia Akeza, amechuchumaa mbele yake: mukubwa akikuuliza, sema tano, umesikia? Tano. Na mtoto akaitikia. Nilikuwa na sufuria mkononi. Namshukuru Mungu kwamba sikuirusha.

Leo niseme na lile jingine.

Sikusema minne kwa ajili ya uji tu. Minne ilikuwa ya Cyrille. Mdogo wake Akeza. Aliharisha siku tatu Tanzania, siku ya nne akaisha, tukamzika pembeni ya kambi ya njiani pamoja na watoto wa watu wengine. Alikuwa na miaka minne. Ilikuwa Machi. Karani aliponiuliza ilikuwa Julai. Miezi ile yote kila aliyeniuliza habari za mtoto nilikuwa namjibu: alikuwa na miaka minne. Namba ilikuwa imekaa mdomoni. Karani alipouliza, ikatoka yenyewe, na nilipoisikia nikaona inafaa, nikaiacha.

Kwa hiyo Akeza anaishi kwa umri wa mdogo wake. Hilo sijamwambia mtu. Niyongabo akijua ataniambia nini? Nina hasira na karani, na hedi, na Odette, na mume wangu, lakini nikikaa peke yangu najua hasira yote hiyo inatafuta pa kulala na haitaki kulala kwangu.

Jumatatu, 9 Oktoba — Chilinde

Leo nalala kwa Nahimana, mama wa ubatizo wa Akeza. Anauza mitumba hapa sokoni, alitangulia kukimbia kabla yetu. Akeza nimemwacha kwa nani? Kwa Odette. Asubuhi alikuja mwenyewe mlangoni, akasema, "Nenda, mutoto atakula kwangu." Hakuomba msamaha, na mimi sikuomba. Nikapanda matola, nyuma ya pikapu ya mtu wa Madisi mwenye viazi vyake.

Baba Akeza yupo mitaa miwili kutoka hapa. Sikupita kwake.

Nahimana anayo picha! Nilikuwa namkumbusha tu siku ya ubatizo, ili anifuate ofisini kama shahidi, akapanda juu ya kigoda, akatoa bahasha chini ya bati. Ubatizo wa Akeza, mbele ya kanisa Rumonge. Mimi mwembamba, sura ya mtoto. Nahimana na kitambaa chake cha njano, ingawa picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Na Akeza, furushi jeupe, uso kama ngumi. Nyuma ya picha, mwandiko wa mpiga picha: 21 août 1988, yaani Agosti. Imeandikwa kwa wino! Nimeibusu.

Nahimana hawezi kuja, kesho anapokea mzigo wa mitumba. Lakini picha inatosha. Itawafunga midomo.

Jumanne, 10 Oktoba

Haikumfunga mtu mdomo.

Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, kuna majumba makubwa, nyasi zimekatwa, miti imejaa maua ya zambarau, na mimi na vumbi langu la kambini Dowa. Dirisha la kwanza wakanituma la pili. La pili wakanituma ghorofani. Ghorofani karani alikuwa anakula ndizi, akaimaliza yote ndipo akauliza shida yangu. Saa nane nikaingizwa kwa ofisa, mama mmoja wa Kimalawi, nguo nzuri, miwani. Mkalimani ni Bisimwa, kijana wa Bukavu, nilikuwa simjui.

Niliweka picha mezani. Ofisa akaitazama, akageuza, akageuza tena. Akasema watoto wachanga wote wanafanana. Ni nani anayemhakikishia kwamba huyu ni Akeza na si dada yake mkubwa? Nikasema hana dada mkubwa. Akasema, kwenye kadi hayupo, ndiyo, lakini kwenye kadi hata miaka saba haipo.

Kisha akauliza, na Bisimwa akatafsiri huku anatazama sakafu: "Mama, anauliza, ulidanganya wakati ule, ao unadanganya leo?"

Moja kwa moja hivyo. Nikajibu: wakati ule. Akaandika. Akanipa niweke sahihi. Niliandika jina langu lote, Capitoline, kwa herufi za masista, ili aone kwamba najua kuandika.

Alimaliza hivi. Ijumaa anakuja Dzaleka kwa kazi nyingine. Nimlete mtoto asubuhi. Atamuuliza yeye mwenyewe, peke yake, mimi nikiwa nje. Akisema saba, picha na maneno yangu yanakubalika, kadi inarekebishwa, na hedi anapata barua siku hiyohiyo kabla ya kufunga rejista. Akisema kingine, kadi yetu yote inazuiwa mpaka wachunguze nani ni nani. Nikauliza uchunguzi ni wa muda gani. Bisimwa hakutafsiri swali. Alilijibu mwenyewe: "Miezi, mama. Benyewe habajui."

Nje, kwenye ngazi, alinifuata. Akasema, "Usimufundishe mutoto. Huyu mama anajua. Mutoto wa kufundishwa anajibu mbio, macho juu. Anauliza maswali mengine mengine, anamuvunja. Muache aseme yake." Nikamwambia zikomo, asante ya Kichewa, sijui kwa nini. Alikuwa na huruma, mtoto wa watu.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimerudi nyumbani. Odette amemsuka Akeza nywele na kumshonea kola mpya kwenye gauni lake la zamani. Nyeupe. Kama ya uniform. Nilipoiona nikamletea nusu ya sukari. Gabriella hakwenda shule leo. Hataki. Anasema tumbo linamuuma. Odette anasema hata jana liliuma, na juzi, na likishapita saa mbili halina shida tena.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimeamua. Sitamfundisha.

Mara kumi leo nilifungua mdomo. Akichota maji, akipepeta mchele wa Odette, akichora herufi kwenye vumbi na kijiti — herufi alizoziiba kizingitini, nimeona a, nimeona e, na nyingine ambayo haipo kwenye lugha yoyote. Kila mara nilitaka kusema: Akeza, una miaka saba. Kila mara nikafunga mdomo. Mwaka mzima nimemfundisha uongo, na ona ulipotufikisha. Ukweli haufundishwi. Mtoto anajua alipozaliwa, anajua alikuwa mkubwa kuliko Cyrille, alimbeba mgongoni! Atajua tu. Na yule mama wa miwani ataona mtoto asiyetunga.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia hapa, kesho naanza nyingine.

Niyongabo hajui kwamba nimekwenda ofisini. Atajua kadi ikiwa mpya. Au ikiwa haipo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Saa nne. Naandika juu ya goti, kwenye benchi nje ya chumba cha ofisi, hapahapa kambini. Nisiposhika kalamu nitashika mlango.

Tulikuja saa moja. Mama wa miwani amefika saa tatu na nusu, na gari, na Bisimwa. Shuleni nilipita kwanza, hedi anasema rejista anaifunga saa sita mchana, barua ikija kabla ya saa sita atamwandika, ikija saa saba atasikitika. Angalau alisema atasikitika.

Wakaita: Akeza! Nikasimama naye. Ofisa akaninyooshea kiganja, wewe kaa. Akamshika mtoto bega, wala si kwa ukali. Bisimwa akasimama katikati yetu. Na Akeza pale mlangoni akageuka, na ile kola yake, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyoniuliza kila asubuhi tuna kuni au hatuna:

"Mama, leo niko na miaka ngapi?"

Mungu wangu.

Bisimwa alisikia. Anasikia kila neno, ndiyo kazi yake. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Ofisa akauliza amesema nini. Bisimwa akajibu kitu kifupi kwa Kiingereza, sikukielewa, na sijui kama alitafsiri au alitufichia.

Nilikuwa na neno moja tu mdomoni. Saba. Neno moja! Na sikuweza kulitoa mbele yao. Nikasema, "Sema ile ya kweli, Akeza."

Akafikiri. Alikunja uso, alijitahidi kweli.

"Ile ya kweli njo gani?"

Wakafunga mlango.

Mjinga mimi! Mjinga! Ukweli haufundishwi, niliandika jana, kwa kiburi changu chote. Nani alimwambia? Mimi nimempa minne, baba yake amempa mitano, hedi amempa sikio. Saba nilimpa lini? Nimeipigia kelele kwa kila mtu kuanzia hapa mpaka Capital Hill, na yeye sikumwambia hata mara moja.

Odette amekuja, amekaa pembeni yangu. Dirisha la chumba liko juu, halina kioo, sauti zinatoka. Ofisa ameuliza jina lake. Amejibu vizuri. Ameuliza alikotoka. Rumonge, amesema. Ameuliza ana ndugu. Sikusikia jibu.

Sasa Bisimwa anauliza: "Akeza, uko na miaka ngapi?"



Ameuliza tena, polepole, kwa upole.

Odette amenishika mkono ule usioandika.

Anajibu! Hapana — anahesabu. Anahesabu kwa sauti, kama wale wa darasa la kwanza wanavyohesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Amesimama. Tano. Amevuta pumzi, nami nasubiri sita.